Frezezi ndogo ya nyumbani: nifunge eto ya 100 au ya 150?

kijana_kamalondo
Jambo bandugu. Nina frezezi ndogo ya nyumbani (mashine ya kuchonga chuma kwa freza, kisu kinachozunguka), Lubumbashi. Vipimo nimechukua mwenyewe: meza 550 kwa 160, mifereji mitatu ya T yenye upana wa 12, mwendo wa X (kushoto-kulia) 380, mwendo wa Y (mbele-nyuma) 145. Kichwa kikiwa juu kabisa, kutoka pua ya spindeli (mhimili unaozungusha freza) hadi mezani ni 350. Tundu la spindeli ni koni ya Morse 3. Vipimo vyote ni milimita.

Natafuta eto (wasomaji wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni jiliwa). Nina njia nne mbele yangu:

1. Eto ya taya zenye upana wa 150, mfano wa Kurt (jina la kampuni ya eto), pamoja na kitako cha kuzunguka.
2. Eto ya taya 100 ya aina hiyohiyo, na kitako chake.
3. Eto ya usahihi isiyo na skrubu ndefu, taya 80 au 100.
4. Kubaki na eto ya mashine ya kutobolea, ambayo tayari ninayo.

Kazi ni vipande vya alumini na chuma laini: flanji, bushi, mabano, matundu ya M8 na M10. Mara chache kuna kipande cha urefu wa 200. Moyo unanivuta kwenye ya 150 kwa sababu inashika vikubwa. Mnasemaje?

papa_ajistera
Mwanangu, ya 150 iache. Kinachokwamisha watu ni urefu wa kwenda juu, na kwenye tangazo hawauandiki.

Piga hesabu ya tundu la 10. Eto ya 150 ya aina hiyo, kutoka mezani hadi pale kipande kinapokaa, ina kama 70 hadi 75. Kitako cha kuzunguka kinaongeza 30 hadi 35. Tuseme 105. Kati ya 350 unabaki na 245. Mandreni ya 13 (kinachoshika meshi, yaani keekee) na mkia wake wa Morse inashuka chini ya pua kama 110. Unabaki na 135. Meshi ya kawaida ya 10 ina urefu wa 133, na ikishaingia kwenye mandreni inabaki nje kama 100. Zimebaki 35. Humo uweke kipande, pau za chini yake (vyuma viwili vya kimo sawa vya kukiinua), na nafasi ya kuinua meshi itoke tunduni. Kipande cha unene wa 40 hakiingii.

Eto ya 100 bila kitako inakaa kwenye 55 hadi 60. Hesabu ileile inakuachia karibu 80, na kazi zako nyingi zinapita humo. Ukitumia meshi fupi (ya 10 ina urefu wa 89 tu) unapata 40 zaidi, na haiyumbi inapoanza kuuma.

Upime pia mandreni yako mwenyewe. Zinatofautiana sana.

frezera_katuba
Papa ameongea juu ya kimo. Mimi niongeze Y, maana 145 ni kidogo.

Kata katoni ya ukubwa uleule wa eto unayotaka: upana, urefu wa mwili, na mstari unaoonyesha uso wa taya isiyosogea. Iweke mezani mahali ambapo buloni zitaingia kweli kwenye mifereji. Funga kitu chenye ncha kwenye spindeli. Peleka meza mbele hadi mwisho, weka alama kwenye katoni. Irudishe nyuma hadi mwisho, weka alama nyingine. Kati ya alama hizo mbili ndipo freza inapofika. Nje ya hapo, hata taya ikifunguka 200, hutachonga chochote.

Na ya 150 mwili wake unakaribia 400 bila mkono, juu ya meza ya 160. Sehemu kubwa itaning'inia mbele. Mizigo yote hiyo, zaidi ya kilo 30 pamoja na kitako, inavuta ukingo wa mbele wa meza, na reli za Y zitalika upande mmoja kabla ya mwingine. Utaisikia mkononi: manivela ya Y (mkono wa kuizungusha) inakuwa nzito meza ikiwa mbele na nyepesi ikiwa nyuma.

kijana_kamalondo
Hesabu ya kimo sikuwa nimeifanya kabisa. Aksanti papa. Basi ya 150 imetoka. Kitako cha kuzunguka je? Naona kinafaa kwa kazi za pembe.

frezera_katuba
Kitoe. Kikae chini ya meza ya kazi na mafuta juu yake.

Kitako kinaongeza nyuso mbili za kugusana kati ya kipande na meza, na kimeshikwa na buloni mbili zilizo karibu na katikati. Freza ya 12 ikiingia kwenye chuma, mtetemo unaanzia hapo. Alama za digrii zilizochorwa ukingoni hazikupi pembe ya kuaminika hata hivyo. Ukihitaji pembe, zungusha kipande ndani ya eto kwa kipimapembe, au zungusha eto yote mezani ukiipima kwa komparatera (saa ya kupimia yenye sindano).

yaya_ruashi
Kaka zangu, mmeiruka namba 3 haraka. Kwa meza ya 160, eto ya usahihi ni chaguo la kweli. Imekaa chini, imesuguliwa pande zote, unaweza hata kuilaza ubavu ukachonga upande wa pili wa kipande bila kukifungua. Nzuri zake zina usambamba wa 0.005. Na inavyofunga ndiyo uzuri wake: buloni yake imeinama kama digrii 45, kwa hiyo inavuta taya mbele na chini kwa pamoja. Taya haipandi.

papa_ajistera
Ni kweli yote, binti yangu, nami kwa kazi ndogo naipenda. Lakini aitumie kila siku? Pini ya chini inaingia kwenye meno yaliyopangwa kwa hatua. Kila ukibadilisha ukubwa wa kipande unalegeza, unatoa pini kwenye jino, unaisogeza, unairudisha, unakaza kwa ufunguo wa pembe sita. Chembe za chuma zinajaa humo chini, na pini isipokaa vizuri taya inakaa upande. Pia haina masikio ya buloni: unaishika kwa vibano viwili kwenye mifereji ya ubavuni, na vibano hivyo vinakula meza kushoto na kulia. Kwenye meza ya 550 nafasi hiyo inauma.

Mimi ningemwambia hivi: ya kwanza iwe ya 100 ya mfano wa Kurt. Ile ya usahihi, ya 80, ije baadaye kama ya pili.

yaya_ruashi
Hapo nakubali. Ila asichukue ya 100 yoyote iliyoandikwa kwamba ni mfano wa Kurt. Kuna zenye umbo la nje tu.

Ya kweli, ndani ya taya inayosogea kuna uso ulioinama na kipande cha nusu mpira. Skrubu ikisukuma, ule mwinamo unageuza sehemu ya nguvu kwenda chini. Zile za umbo tu zina skrubu inayosukuma taya moja kwa moja na bamba mbili chini zikiizuia isitoke. Skrubu iko chini, kipande kiko juu, kwa hiyo ukikaza taya inaegemea nyuma, upande wake wa mbele unanyanyuka na kubeba kipande. Eto ya mashine ya kutobolea ni mbaya zaidi kwa sababu nafasi kati ya bamba na mwili ni kubwa. Ndiyo maana namba 4 haifai kuchongea. Ibaki kwa kutobolea.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mambo haya. Shika taya inayosogea ikiwa imelegea, itikise juu na chini: mchezo mdogo upo daima, ukisikia mlio wa kugonga, acha. Igeuze chini juu uone nyuso zimesuguliwa au zimepakwa rangi tu. Toa buloni za bamba ya taya uone kama nyuma yake ni tambarare. Na gonga mwili kwa nyundo ndogo: fonti (chuma cha kusubu) yenye grafiti ya mviringo inalia kama chuma, fonti ya kijivu inatoa mlio uliokufa. Ile ya kwanza haipindi sana kama ya pili kwa nguvu ileile.

Anayeagizia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hawezi kugonga chochote kabla, basi na aombe picha ya upande wa chini. Picha ya upande wa chini inasema mengi.

kijana_kamalondo
Yaya, nikishaipata, nijuaje inapanda kiasi gani?

yaya_ruashi
Chukua kipande kilichonyooka, kama 30 kwa 30. Kiweke ndani ya eto juu ya pau mbili sambamba, kaza kidogo tu. Weka ncha ya komparatera juu ya kipande, upande wa taya inayosogea, sindano sifuri. Sasa kaza kama unavyokaza kazini. Ikipanda 0.01 au 0.02, iko vizuri. Ikipita 0.05 kuna kazi ya kufanya: fungua bamba za chini, zisugue kwenye karatasi ya msasa iliyo juu ya kioo kinene, kidogokidogo, hadi taya iteleze bila kutikisika.

Fanya kipimo cha pili nyuma ya taya isiyosogea. Ncha ya komparatera iguse mgongo wake karibu na juu, kaza. Taya yoyote inarudi nyuma kidogo. Lakini ikienda 0.05 kwenye eto ndogo, ama buloni zake zimelegea ama mwili ni mwembamba. Kwanza kaza buloni.

turnera_likasi
Naingia kwa jambo moja, mifereji ya T. Meza nyingi ndogo zinavunjika hapo.

Mfereji wa 12 unachukua nati ya T ya M10. Mfereji wa 14 ni M12, wa 10 ni M8. Usichukue M12 ukaisaga iingie kwenye 12. Na buloni isipite chini ya nati. Ikipita, inagusa sakafu ya mfereji, na kila unapokaza unakuwa kama unainua nati kwa jeki: midomo ya mfereji inasukumwa juu mpaka inabanjuka. Fonti haipindi, inakatika kipande. Nati nzuri za T zina uzi wa mwisho ulioharibiwa makusudi ili buloni isipite. Kama ukizitengeneza mwenyewe, uharibu uzi wa chini kwa patasi au ponchi.

Nati iwe ndefu, kama 20 au zaidi, nguvu isambae. Weka washa nene juu ya sikio la eto, zile nyembamba zinazama. Nguvu ya Nm 30 kwenye M10 inatosha kabisa. Ufunguo wa kawaida kwa mkono mmoja, bila kuuongezea bomba.

kijana_kamalondo
Vizuri sana. Sasa kuinyoosha. Nimezoea kuona watu wakitumia kikona cha seremala dhidi ya ukingo wa meza.

frezera_katuba
Hapana kaka. Ukingo wa meza haukuchongwa ili upimiwe, na kikona hakikuonyeshi 0.05.

Anza na kichwa cha mashine. Komparatera kwenye mkono uliofungwa kwa spindeli, ichore duara la 150 juu ya meza, si juu ya eto. Kichwa kikiwa kimeinama, kila uso utakaochonga utakuwa na ngazi au shimo la katikati, na utailaumu eto bure. Ndani ya 0.02 kwa duara hilo inatosha.

Kisha safisha. Mkono mtupu upite juu ya meza na chini ya eto, ngozi inasikia chembe ambayo jicho halioni. Jiwe la kunolea tambarare lenye mafuta lipite taratibu juu ya meza: linaondoa vinundu tu, halili meza. Fanya hivyo pia chini ya eto na nyuma ya bamba za taya.

Weka eto, taya isiyosogea upande wa nguzo ya mashine. Nati ya kushoto ikaze nusu, ya kulia iguse tu. Komparatera kwenye spindeli, spindeli isizunguke, ncha iguse uso wa taya isiyosogea katikati ya kimo chake, isukumwe ndani kama 0.5. Kaza kufuli ya Y. Anza kushoto, karibu na nati iliyokazwa, weka sifuri. Sogeza X hadi kulia. Sindano ikienda, gonga mwili wa eto kwa nyundo laini mpaka irudi sifuri. Rudi kushoto: hapo napo pamesogea kidogo, kwa sababu buloni haiko kwenye mstari wa taya. Weka sifuri upya, rudia. Mara tatu kawaida inaisha.

Halafu kaza nati zote mbili kwa zamu, robo kwa robo, na UPIME TENA. Kukaza kunasogeza. Anayeacha kipimo cha mwisho amefanya kazi yote bure. 0.01 kwenye urefu wa taya ya 100 ni kazi safi. 0.02 ni ya kawaida.

Nyundo laini: katika mji huu wa shaba hakuna sababu ya kugonga kwa chuma. Kipande cha mviringo cha shaba cha 30 kwenye mpini kinatosha miaka.

turnera_likasi
Aongeze kipimo cha sakafu ya eto. Pau mbili sambamba juu ya reli za ndani, komparatera ipite juu yake kwa X na kwa Y. Ikiwa sakafu imeinama, kipande kitatoka kinene upande mmoja hata taya ikinyooka vipi. Na kabla ya kusema eto imetengenezwa vibaya, iinue uangalie chini. Mara nyingi ni chembe moja.

kijana_kamalondo
Pau sambamba sina. Za kununua zinauzwa kwa seti nzima. Kuna njia ya kuanzia?

papa_ajistera
Gamba la nje la beringi. Sokoni Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi) wanauza beringi zilizokufa kwa kilo. Chukua 6204 mbili: gamba lina kipenyo cha 47 na upana wa 14, ni gumu na limesuguliwa. Vunja kizuizi cha gololi, toa gamba, lioshe.

Ila usidanganyike kwamba mbili zenye namba moja ni sawa. Kipenyo cha nje kinashikwa kwa ukali, ndani ya 0.011 kwa ukubwa huo. Upana una ruhusa ya 0.12, na wewe utalilaza, kwa hiyo upana ndio unaoutumia. Nenda na mikromita, pima nyingi, chagua mbili zinazolingana ndani ya 0.01, kisha uzifunge pamoja zisitengane. Kwa vipande vipana vinavyoacha nafasi ya gamba zinafaa sana. Kwa kipande cha upana wa 20 hazifai. Hapo unahitaji pau nyembamba za kweli.

Kipande kikishakaa juu ya pau na umekaza, kigonge mara moja kwa nyundo laini, kisha jaribu kusogeza pau kwa kidole. Ikisogea, kipande kimeelea. Usiendelee kukaza baada ya kugonga, utakiinua tena.

yaya_ruashi
Na kipande kikiwa kibichi, kimekatwa kwa msumeno, hakina upande ulionyooka? Watu wengi wanapotea hapa, acha nieleze.

Upande mpana zaidi na ulio bora zaidi uegemee taya isiyosogea. Kati ya kipande na taya inayosogea weka fimbo ya mviringo ya alumini au shaba, kipenyo 10 hivi, ilale kwa urefu wa taya, katikati ya kimo kilichoshikwa. Fimbo inagusa mstari mmoja tu, kwa hiyo kipande hakilazimishwi kufuata ubavu uliopinda, kinalala kabisa kwenye taya isiyosogea. Chonga uso wa kwanza. Uso huo sasa uegemee taya isiyosogea, fimbo tena upande wa pili, chonga uso wa pili: hapo umepata digrii 90. Uso wa tatu: ule wa kwanza ubaki kwenye taya isiyosogea, wa pili ukae chini juu ya pau, fimbo bado ipo. Wa nne: sasa fimbo inatoka, maana pande zote mbili za kushikwa zimenyooka. Nyuso mbili za mwisho unazisimamisha kwa kikona.

Ukiacha fimbo mwanzoni utapata kipande chenye pembe nne ambazo hakuna hata moja ya 90, na eto haina kosa.

frezera_katuba
Niongeze mambo ya kipande kuruka, maana freza ya 12 iliyovunjika inaenda usoni.

Shika angalau theluthi ya kimo cha kipande. Kipande kifupi usikifunge mwisho mmoja wa taya bila kuweka kingine cha unene uleule mwisho wa pili: taya inageuka, inashika kwa ukingo tu. Kipande chenye ngozi ya kusubu kiwekee ukanda wa karatasi kila upande, kinashika zaidi. Mkato mzito elekeza nguvu yake kwenye taya isiyosogea. Ukichonga kwa X sambamba na taya, kinachozuia ni msuguano peke yake, kwa hiyo hapo punguza kina. Na mkono wa eto usiupige kwa nyundo: unapinda skrubu, na skrubu iliyopinda inapandisha taya kila mzunguko.

turnera_likasi
Kwa flanji na bushi, taya laini. Alumini ya unene wa 20, matundu yapimwe kutoka bamba ya zamani, vichwa vya buloni vizame vya kutosha usije ukavigonga na freza. Zifunge, weka kipande cha chuma katikati chini, kaza, halafu chonga ngazi ya 3 juu ya taya zote mbili kwa pamoja. Ngazi hiyo imechongwa na mashine yako yenyewe, kwa hiyo ni sambamba na mwendo wake, na pau hazihitajiki. Kwa bushi, toboa duara la kipenyo chake kati ya taya mbili. Taya za shaba watu wa hapa wanazijaribu kwa sababu shaba ipo, lakini inashika freza na kufanya vidonda. Alumini ni bora.

kijana_kamalondo
Bandugu, nimeweka katoni mezani leo. Eto ya 100, mwili 270, taya isiyosogea kwenye mstari wa mfereji wa nyuma: freza inafika kutoka 15 nyuma ya taya hadi 130 mbele yake. Kazi zangu zote ziko ndani. Nachukua ya 100 bila kitako, kama muuzaji atakubali kukitoa kwenye bei. La mwisho: chini ya eto kuna mifereji ya funguo yenye upana wa 16, na mimi mfereji wangu ni wa 12. Nitengeneze funguo za ngazi ili nisipime kila mara?

papa_ajistera
Tengeneza, 16 juu na 12 chini, lakini pima mfereji kwanza katika sehemu tatu. Mifereji ya mashine hizi inatoka 12.05 mahali, 12.15 mahali pengine. Ufunguo uutengeneze uingie kwa kidole mahali pembamba zaidi, na kila unapofunga eto isukume daima upande uleule, kuelekea kwako, kabla ya kukaza. Ukifanya hivyo itarudi ndani ya 0.02 au 0.03. Kwa matundu ya M8 hiyo inatosha. Kwa kazi ya kikamilifu komparatera inarudi pale pale.

Tena, mwezi wa 11 mvua ikianza, usiiache eto mezani wiki nzima kama unatumia maji ya kupoza. Yanaingia chini kwa njia ya mifereji na yanakaa. Kabla ya kuifunga, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi mezani na chini ya eto, filamu nyembamba tu, na ukimaliza kazi kubwa iinue ufute.

turnera_likasi
Na funguo za ngazi nazo zitoe uzifute. Kutu inaanzia pembeni mwa ufunguo.